Mkataba Usio na Masikio

Kila mkataba una watu watatu: mtoaji, mpokeaji na shahidi. Wawili wa kwanza huonekana wazi. Wa tatu aghalabu husahauliwa mpaka siku ya ugomvi, na siku hiyo yeye ndiye atafutwaye kwa taa. Insha hii ni juu ya shahidi huyo, na juu ya watu wanaozunguka siku hizi wakitutangazia kwamba amepatikana shahidi asiyelala, asiyekula rushwa, asiyesahau wala kufa. Shahidi huyo, wasema, ni mtambo. Mimi nasema kwamba nusu ya maneno yao ni kweli, na kwamba nusu ya pili yaweza kumnyang'anya maskini hata kile kidogo alichokuwa nacho. Nakuomba, msomaji, unisikilize mpaka mwisho kabla hujatoa hukumu, maana wewe ndiwe utakayeombwa kesho kuweka kidole juu ya kioo cha simu na kusema, "Nimekubali."

Twende kwanza Muhuru Bay, katika Nyatike, kaunti ya Migori, mahali ambapo ardhi ya Kenya humalizikia katika Ziwa Viktoria na mpaka wa Tanzania u karibu. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, mashua hutoka na taa zake. Taa hizo huwavuta omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, kama mshumaa uwavutavyo kumbikumbi. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Alfajiri mashua hurudi, na ufukoni wanawake wamekwisha jipanga na makarai yao. Wengi wao wametanguliza fedha. Mchuuzi humpa mwenye mashua arubuni ya mafuta ya injini au ya kutengeneza nyavu, na mwenye mashua huahidi kwamba omena wakipatikana, yeye ndiye atakayepewa kwanza, kwa bei waliyoagana. Hapana karatasi wala muhuri. Pana neno tu, na jirani aliyesimama karibu akalisikia.

Neno hilo hushika siku ambazo samaki ni wengi. Siku za uhaba huvunjika. Akija mnunuzi mwenye gari na fedha zaidi, karai lililoahidiwa hupita mbele ya macho ya mwenye arubuni likaenda kwingine, na jirani aliyesikia huwa amepatwa na uziwi wa ghafula. Tena liko ovu kubwa zaidi, nami sitalifunika kwa kuwa wasomaji wangu ni vijana. Katika fuo nyingi za ziwa hili iko desturi iitwayo jaboya, ambayo kwayo mwanamke hulazimishwa kumfanya mvuvi hawara yake ili asikose samaki. Watu humcheka mwanamke. Mimi naona aibu ni ya yule anayeshikilia samaki. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kina mama wa Muhuru Bay hawahitaji mkataba ulio imara. Wanauhitaji kuliko wafanyabiashara wa Nairobi.

Ndipo alipofika mgeni na simu yake. Nilimsikia chini ya banda la samaki akiwaambia kina mama: "Msiwaamini watu wa mashua. Aminini mtambo. Mkataba ukiisha kuandikwa humo, hakuna awezaye kuuvunja, kuubadili wala kuusimamisha." Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipepeta omena wakavu, akamwuliza bila kuinua macho, "Mwanangu, huo mtambo wako utajuaje kama karai langu limejaa?" Mgeni akacheka kidogo akasema, "Mama, hayo yote yataandikwa." Watu wakaendelea na shughuli zao. Lakini mimi niliondoka na swali lile kichwani, na kadiri nilivyosoma habari za mitambo hiyo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba katika banda lile aliyekuwa mwalimu ni yule mama.

Jambo lenyewe ni hili. Mkataba huo, uitwao mkataba mahiri, ni programu ya kompyuta ambayo masharti ya ahadi yameandikwa ndani yake, nayo hujitimiza yenyewe sharti likitimia: fedha hufungiwa kwanza, kisha hufunguliwa pasipo karani, wakili wala hakimu. Wazo hilo lilielezwa na Nick Szabo katika miaka ya 1990, naye alilifananisha na mashine iuzayo soda: tia sarafu, chukua chupa, mashine haikuulizi u mtoto wa nani. Kwa miaka mingi wazo lilikosa nyumba, kwa sababu programu iliyomo katika kompyuta ya mtu mmoja humtii mtu huyo. Nyumba ilipatikana ilipobuniwa blokcheni, yaani daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana, na kila ukurasa umefungwa kwa ukurasa uliotangulia, hata mtu akibadili mstari mmoja wa zamani kurasa zote zinazofuata humshitaki. Daftari la Bitcoin lilifunguliwa Januari 2009, lakini hilo halikukusudiwa kubeba mikataba ya kila namna. Julai 2015 likafunguliwa la Ethereum, ambalo Vitalik Buterin aliliwaza akiwa na umri wa miaka 19, nalo liliweza kubeba programu za kila aina. Tangu hapo madaftari yamezaana kama samaki.

Uongo wa kwanza wa mgeni yule, basi, ni kusema "mtambo" kana kwamba ni mmoja. Mwenyeji wa Muhuru Bay ndiye mtu wa mwisho wa kudanganywa kwa neno hili. Simama ufukoni utazame maji: ziwa ni moja, hapana ukuta wala ua. Walakini Tanzania ina kadiri ya asilimia 51 ya maji hayo, Uganda 43, na Kenya 6 tu. Mashua ikisogea kusini kidogo, leseni ya Kenya huwa karatasi ya kufungia karanga. Juu ya kijisiwa cha Migingo, ambacho si kikubwa kuliko kiwanja cha mpira, Kenya na Uganda zimebishana kwa miaka mingi. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale. Lakini sheria, ushuru, askari na fedha ni mbalimbali. Ndivyo yalivyo madaftari haya. Yote huitwa blokcheni, na kila moja ni nchi.

Katika Ethereum kila programu huhesabiwa na kila mlinzi wa daftari, tendo moja baada ya jingine, kama ufuko wenye mizani moja na foleni moja. Uimara wake watoka hapo, na ughali wake watoka hapo hapo. Kila hatua ya hesabu hulipiwa ada, na foleni ikirefuka ada hupanda. Mwaka 2021 zilikuwako siku ambazo ada ya tendo moja ilifika makumi ya dola. Ada ya namna hiyo ingeweza kumeza faida yote ya karai la omena kabla hawajaanikwa. Tena tendo likishindwa katikati, ada hairudi. Kwa sababu hiyo yametengenezwa madaftari ya pembeni, yafanyayo hesabu yenyewe na kupeleka muhtasari tu kwa Ethereum. Huko ada ni senti chache. Lakini uliza nani apangaye foleni huko, na mara nyingi utajibiwa kwamba ni kampuni moja.

Solana, iliyoanza mwaka 2020, ilifuata njia nyingine. Huko kila tendo hutangaza mapema litagusa mikoba ipi, na matendo yasiyogusana hufanywa kwa pamoja, kama ufuko wenye mizani nyingi. Ni rahisi na ni haraka. Lakini kompyuta za kulinda daftari hilo zapasa kuwa na nguvu sana, na mara kadhaa daftari zima limesimama: Septemba 2021 lilisimama kwa muda wa saa 17, na Februari 2024 kwa muda wa saa tano hivi. Shahidi asiyelala alilala. Ebu mfikirie mchuuzi aliye na omena mbichi juani saa 17.

Cardano, ambayo ilianza kupokea mikataba ya namna hii Septemba 2021, haikuweka fedha katika mkoba mmoja unaoongezwa na kupunguzwa. Kila fungu la fedha ni kama bahasha iliyofungwa na kuandikwa juu yake sharti la kufunguliwa. Bahasha ikiisha kufunguliwa hutupwa, na mpya huandikwa. Kwa hiyo mtu huweza kujua kabla ya kutuma kama tendo lake litafaulu na kwa ada gani. Nakiri kwamba mpango huu wanipendeza, ijapokuwa bahasha moja haiwezi kufunguliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na waandishi wa programu hulazimika kuumiza vichwa.

Yako na madaftari ya faragha, ambayo huingii ila umealikwa. Mfano wa haya una mzizi katika nchi yetu. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena la maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya mpaka Uholanzi, ikaona kwamba shehena moja ilipita mikononi mwa karibu watu na ofisi 30, na mawasiliano yaliyohusika yalifika 200. Kutokana na machungu kama hayo ikaundwa TradeLens, daftari la Maersk na IBM lililojengwa juu ya Hyperledger Fabric. Mtambo ulifanya kazi. Kisha Novemba 2022 wenyewe wakatangaza kwamba utafungwa, na mwaka uliofuata ukafungwa, kwa kuwa ushirikiano wa ulimwengu mzima waliouhitaji haukupatikana. Mimi sishangai. Ni wenye meli wangapi wangependa kuandika siri za biashara yao katika daftari lililoanzishwa na mshindani wao?

Sasa turudi kwa maneno ya mgeni: "hakuna awezaye kuubadili." Katika Ethereum programu ikiisha kuwekwa haibadilishwi, hiyo ni kweli. Lakini waandishi wengi hutumia hila ya mlango: mlango wa mbele hubaki ule ule, na nyumba iliyo nyuma yake hubadilishwa na mwenye ufunguo. Katika Solana jambo hilo ndilo desturi. Programu yaweza kubadilishwa na mshika ufunguo mpaka yeye mwenyewe autupe. Sisemi kwamba hili ni baya. Kosa lililoandikwa katika mkataba lapasa kurekebishika. Nasema tu kwamba yuko mtu. Nyuma ya mtambo yuko mtu mwenye ufunguo, naye ana jina na tumbo, nawe ulipoambiwa usimwamini mtu uliambiwa umwamini mtu usiyemjua.

Yule mgeni alikuwa na neno jingine la kuponyokea. Ukimwambia kwamba madaftari hayafanani, hujibu, "Yameunganishwa kwa madaraja." Ni kweli yako madaraja. Lakini daraja la namna hii halivushi kitu. Mkataba ulio katika daftari moja haulioni daftari la pili, kama vile hakimu wa Migori asivyoweza kumwita shahidi aliye Musoma kwa kupaza sauti. Lifanyikalo ni hili: fedha yako hufungiwa ng'ambo hii, na ng'ambo ya pili huandikwa hati ya kusema kwamba fedha hiyo ipo. Ni kazi ya mbadili fedha wa mpakani, apokeaye shilingi za Kenya kwa mkono huu na kutoa za Tanzania kwa mkono huu. Mbadili fedha akitoroka na sanduku, hati zote zilizo mikononi mwa watu huwa takataka. Machi 2022 daraja liitwalo Ronin lilivunjwa. Lilikuwa na walinzi tisa, na sahihi tano zilitosha kufungua sanduku; wezi wakazipata tano, wakachukua mali ya zaidi ya dola milioni 600. Siku sita zilipita kabla wenye daraja hawajajua, nao walijua kwa sababu mtu mmoja alitaka kutoa fedha zake akazikosa. Mwezi Februari wa mwaka ule ule daraja la Wormhole lilikuwa limekwisha poteza zaidi ya dola milioni 300. Karani wa zamu wa ghala lo lote la samaki angaliona hasara kabla ya jua kuchwa.

Usidhani, msomaji, kwamba nachukia kitu hiki. Wako wanaokipinga kwa hoja kuukuu, kwamba kinakula umeme wa nchi nzima; hawakusikia kwamba Ethereum iliacha njia hiyo Septemba 2022, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Wako wengine wasemao kwamba ni mchezo wa Wazungu. Hao hawakupata habari za Mombasa. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wakazi wachache na mwenzao Will Ruddick, mtu kutoka Marekani, walianzisha hati za kubadilishana bidhaa ziitwazo Bangla-Pesa, ili aliye na mandazi na aliye na maji waweze kuuziana hata shilingi zikiadimika. Walikamatwa, wakashitakiwa, kisha mashitaka yakaondolewa. Kutoka hati zile za karatasi ikakua Sarafu, iendayo kwa simu, hata simu ndogo ya vibonyezo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishirikiana nao katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi.

Tazama sasa safari ya Sarafu kati ya madaftari. Wakati ule iliandikwa katika daftari la xDai, ambalo baadaye lilibadili jina kuwa Gnosis Chain. Baadaye ikahamia Celo. Na Celo yenyewe, iliyokuwa nchi huru tangu 2020, Machi 2025 iliacha uhuru wake ikawa daftari la pembeni lililoegemea Ethereum. Mama wa Mukuru auzaye sukuma wiki hakuhama hatua moja. Ardhi iliyo chini ya ahadi yake ilihama. Kwa nini hakupoteza kila kitu? Kwa sababu walikuwako watu waliokuwa wakijua majina ya vikundi, wakahesabu salio, wakahamisha vitabu kwa uangalifu. Ahadi ilikuwa ya jirani kwa jirani, daftari lilikuwa chombo tu. Chombo chaweza kubadilishwa mradi ahadi ina wenyewe.

Nimefika kwa swali la karai, nalo ndilo kitovu cha mambo. Mkataba mahiri ni kipofu. Huona yaliyomo katika daftari lake tu. Mvua, upepo, bei ya soko na uzito wa samaki havioni mpaka aletewe habari na mjumbe. Mjumbe akisema kweli, mtambo hutenda haki. Mjumbe akidanganya, mtambo hutenda dhuluma kwa haraka ile ile na kwa uso mkavu ule ule. Yako mambo ambayo mjumbe wake hawezi kuhongwa kwa urahisi. Mwaka 2022 kampuni ya bima ya Lemonade ya Marekani, pamoja na wenziwe, ilitangaza umoja wa kuwakinga wakulima wadogo wa Afrika dhidi ya hali mbaya ya hewa kwa mikataba mahiri katika daftari la Avalanche, na wakulima wa Kenya wakawa wa kwanza. Huko sharti hutegemea habari za hali ya hewa, na habari hizo hazitoki kwa mkulima wala kwa wakala wa bima. Mvua ikikosekana, hapana haja ya mtu kuja shambani kubishana. Hata hapo liko kosa lake, maana kipimo chaweza kusema kwamba mvua ilinyesha katika eneo na shamba lako likawa kavu. Lakini angalau kosa hilo halikusudiwi na mtu.

Omena ni mambo mengine. Nani atauambia mtambo kwamba samaki wamefika, kwamba ni wazima, kwamba karai lilijaa? Kila aliyenunua ufukoni anajua kwamba karai lina elimu yake. Liko karai lililobonyezwa kitako. Uko ujazo wa kupigwa msawazo na ujazo wa kilima. Iko mikono imwagayo omena kwa namna ya kuacha hewa katikati, na iko mikono ishindiliayo. Sokoni nako gorogoro lina hila zake. Yule atakayebonyeza simu na kusema "limejaa" ndiye hakimu wa mkataba wote, na akiwa ni mwenye mashua, au shemeji yake, au yule mvuvi wa jaboya, basi daftari lenye nakala elfu kumi duniani litaushuhudia uongo wake mara elfu kumi. Na uongo ukiisha kuandikwa humo haufutiki. Zamani mama aliweza kusema, "Nilionewa." Sasa ataambiwa, "Daftari linasema ulipokea."

Tena mtambo huo hauna masikio. Tuseme mwenye mashua amepokea arubuni, na mashua yake imewekwa rehani ndani ya mkataba: asipoleta omena kwa siku 30, hati ya mashua ihamie kwa mkopeshaji. Siku ya kumi yaja dhoruba. Nyavu zapotea, baharia mmoja azama, kijiji chote kimo matangani. Mbele ya wazee angalisikilizwa. Mbele ya hakimu angalisikilizwa, maana sheria ya mikataba tuliyo nayo yaijua ajali isiyozuilika. Na kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Hata Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, yataka upatanisho na njia za jadi zihimizwe. Mtambo hauna ibara hiyo. Siku ya 30, saa ile ile, mashua imekwenda. Wahubiri wake hujisifia jambo hili. Husema msimbo ndio sheria.

Nami nawauliza: ni sheria kwa nani? Mwaka 2016 matajiri na wapenzi wa Ethereum walikusanya mali ya dola kama milioni 150 katika mkataba mmoja ulioitwa The DAO. Mwezi Juni mtu mmoja aliona tundu katika maandishi yake, akavuta kadiri ya ether milioni 3.6. Hakuvunja mlango, alifanya yale ambayo programu ilimruhusu. Kama msimbo ndio sheria, mali ile ilikuwa yake. Je, waliiacha? Hawakuiacha. Tarehe 20 Julai wengi wao waliligawa daftari lenyewe wakarudisha mali kwa wenyewe, na wachache waliokataa wakabaki na daftari la zamani, ambalo mpaka leo laitwa Ethereum Classic. Mwaka uliofuata mkataba mwingine uliharibiwa, na ether zaidi ya 513,000 zikafungiwa zisitoke. Safari hii daftari halikugeuzwa. Basi masikio yako. Yalifunguka mara moja na yakakataa mara ya pili, kwa kadiri ya watu waliopiga kelele. Nionyeshe, msomaji, siku ambayo yatafunguka kwa mwenye mashua mmoja wa Muhuru Bay.

Bunge letu limeanza kuamka. Sheria ya mwaka 2025 juu ya watoa huduma za mali za kidijitali iliwaweka Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuwa wasimamizi wa biashara hiyo. Ni hatua njema. Lakini leseni ya mwenye duka haikuambii kama mizani iliyo ndani ni sawa.

Wala usisahau kwamba mara nyingi mtambo huu hauhitajiki kabisa. M-Pesa, tangu Machi 2007, imepeleka fedha za wavuvi na wachuuzi, nayo si blokcheni. Ni daftari la kampuni moja ambayo anwani yake inajulikana. Kama wote mnamkubali karani mmoja, mwacheni karani afanye kazi yake. Daftari la wengi lafaa pale ambapo hapana karani mmoja wa kukubaliwa na wote, na hapo ndipo ninapoweza kuona kazi yake Muhuru Bay: mchuuzi wa Kenya anayemtumia arubuni mvuvi wa Shirati, nchi mbili, shilingi mbili, mahakama mbili, na hakuna upande utakaokubali kitabu cha upande wa pili. Huko ningeusikiliza mtambo. Ningetaka masharti yasomwe kwa sauti kwa Kidholuo na Kiswahili kabla ya kuwekwa kidole. Ningetaka fedha zikae siku chache kabla ya kufunguliwa, ili aliyeonewa apate nafasi ya kusema. Ningetaka funguo za kuubadili zigawanywe kati ya wachuuzi na wenye mashua, isiwe upande mmoja peke yake waweza kufungua, na majina ya washikao yabandikwe bandani. Ningeuliza ni daftari lipi, na likifa au likihama, nani atakayehamisha salio.

Lakini hata hayo ni ya pili. Chama cha ufukoni kinunue mizani ya kutundika, iliyopimwa na kutiwa alama na wakaguzi wa vipimo, iwe mali ya wote, na wanawake wauzao omena wawe na mshika mizani wao anayesimama kando ya yule wa mashua. Samaki wapimwe kwa kilo mbele ya macho ya wote, karai libaki chombo cha kubebea. Pasipo hayo, mgeni yule akirudi na daftari la Ethereum au Solana au Celo, atakuwa ameleta kalamu ya dhahabu kuandikia hesabu isiyojulikana. Bei ya mizani hiyo haifiki bei ya simu aliyokuja nayo, na msumari wa kuitundikia upo tayari bandani, juu kidogo ya mahali alipoketi yule mama akipepeta.